Figo Hazilindwi kwa Kopo la Vidonge

Kwenye rafu za famasia za mijini, jirani na vitamini na mafuta ya samaki, siku hizi kuna makopo yenye herufi tatu: NAC. Kirefu chake ni N-asetilsisteini. Muuzaji atakwambia inasafisha ini, inakinga figo na kutoa sumu mwilini. Anayenunua huwa na sababu zake. Pengine amemzika ndugu aliyekufa kwa figo, pengine ana kisukari, pengine kesho anakwenda kupigwa CT-Scan na amesikia kwamba ile dawa ya kung'arisha picha inaua figo. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Hofu yake ni ya haki kabisa, maana figo zinaweza kufeli ndani ya siku mbili tatu kwa mtu aliyekuwa mzima wa afya. Ninachotaka ni pesa yake na nguvu yake viende panapookoa.

Tuanze na kemia kidogo. NAC ni ya ukoo wa thioli, yaani kemikali zenye atomu ya salfa iliyoshikana na atomu ya haidrojeni. Thioli unazijua kwa pua: harufu mbaya inayotiwa kwenye gesi ya kupikia ili mtungi ukivuja ushtuke ni thioli, na harufu inayobaki kinywani mwa aliyekula kitunguu saumu inatokana na jamii hiyo hiyo. Ndani ya mwili thioli kuu ni glutathioni. Seli huiunda kwa asidi amino tatu, glutamati, sisteini na glisini, na salfa ya ile sisteini ndiyo inayofanya kazi yenyewe: inakamata sumu na kutuliza oksijeni kali inayozalishwa seli inapoumia. Glutathioni ni kama akiba ya ghalani. Miezi ya neema hakuna anayeihesabu, ila ukame ukiingia ndipo nyumba inajua ilikuwa imejiwekea kiasi gani.

Figo huingia kwenye ukame huo upesi kuliko viungo vingi. Zote mbili kwa pamoja hazifiki nusu kilo, lakini hupokea kati ya moja ya tano na robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kila siku huchuja takriban lita 180 za majimaji na kuyarudisha karibu yote kwenye damu, wewe ukaona lita moja na nusu au mbili tu za mkojo. Kazi hiyo ya kurudisha hufanywa na vijifereji vya figo, navyo vinahitaji oksijeni nyingi mno, wakati sehemu ya ndani ya figo kwa maumbile yake huishi kwa oksijeni haba. Damu ikipungua kwa kuhara, kutokwa damu au homa kali, seli za vijifereji ndizo za kwanza kukosa pumzi. Glutathioni yake inakwisha, seli zinakufa na kubanduka, mirija inaziba, mkojo unapungua. Madaktari huita hali hiyo kuumia kwa figo kwa ghafla.

Ukishaelewa hivyo, wazo la kumpa mgonjwa sisteini ya nyongeza linaonekana la busara, na ndivyo lilivyoonekana kwa watafiti. Mwaka 2000 kikundi cha Ujerumani kilichoongozwa na Martin Tepel kilichapisha jaribio la wagonjwa 83 wenye figo dhaifu waliokuwa wanapigwa CT-Scan ya dawa. Wote walitundikiwa dripu ya maji ya chumvi. Nusu yao waliongezewa NAC ya kumeza, miligramu 600 mara mbili kwa siku. Katika waliopata NAC, figo za mtu 1 kati ya 41 ndizo zilizotetereka, na katika wengine ni 9 kati ya 42. Kwa dawa ya bei nafuu isiyo na madhara makubwa, nani angekataa? Hospitali nyingi duniani zikaanza kuwapa wagonjwa NAC kabla ya picha, na habari ikashuka hadi kwa wauza makopo.

Wagonjwa 83 ni wachache, na jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kuliona. Hali ya figo hupimwa kwa kreatinini, takataka ya misuli ambayo figo huitoa. Ikipanda kwenye damu, tunasema figo zimelegea. Mwaka 2004 watafiti wengine wa Ujerumani waliwapa NAC watu wazima wasio na ugonjwa wowote, ambao hawakupigwa picha yoyote. Kreatinini yao ikashuka. Kipimo kingine cha figo, sistatini C, hakikubadilika. Maana yake ni kwamba dawa ilikuwa na uwezo wa kubadilisha namba ya maabara huku figo zenyewe zikibaki kama zilivyokuwa. Kila mgonjwa anayeshangilia karatasi ya majibu anapaswa kulijua hilo: namba nzuri na figo nzima ni vitu viwili, na mara nyingine haviendi pamoja.

Ndipo yakaja majaribio makubwa. Brazil, mwaka 2011, wagonjwa 2,308 katika hospitali 46 waliochunguzwa mishipa kwa dawa ya picha waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa NAC kwa dozi maradufu ya ile ya Ujerumani, wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake. Walioumia figo walikuwa asilimia 12.7 upande huu na asilimia 12.7 upande ule. Mwaka 2018 likachapishwa jaribio la karibu watu 5,000 wa Marekani, Australia, New Zealand na Malaysia, wengi wao wenye kisukari na figo dhaifu, watu ambao kama NAC ingesaidia yeyote ingewasaidia wao. Safari hii hawakuhesabu kreatinini peke yake. Walifuatilia kwa siku 90 nani amekufa, nani amehitaji kusafishwa damu, nani figo zake zimebaki pabaya. Kwa NAC ilikuwa asilimia 4.6, kwa vidonge vitupu asilimia 4.5. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa hapakuwa na faida ya kutafuta zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiandikiwa CT-Scan ya dawa, usipite famasia kununua NAC, na wala usikimbie picha unayoihitaji. Fanya haya badala yake. Omba kreatinini ipimwe kabla, na uulize kiwango cha uchujaji wa figo zako ni kiasi gani, maana maabara hukikokotoa kutokana na kreatinini hiyo hiyo. Kwa mtu aliye juu ya 45 hatari ya dawa ya picha ni ndogo kuliko uvumi unavyosema. Anayehitaji uangalizi maalumu ni yule aliye chini ya 30, au ambaye figo zake tayari zimeumia siku hizo, naye kinga yake inayotambulika ni dripu ya maji ya chumvi kabla na baada. Katika majaribio ya picha niliyoyataja, maji yalikuwa sehemu ya mpango wa pande zote mbili. Maji hayo hayana jina la kupendeza na hakuna aliyeyatangaza, lakini ndiyo yaliyobaki kwenye miongozo NAC ilipoondolewa. Na kama unatumia metformini ya kisukari au vidonge vya maumivu, vitaje kabla hujalala kwenye mashine.

Nisieleweke vibaya. NAC ni dawa ya kweli, na kuna mahali pake pa kuokoa maisha: sumu ya parasetamoli. Mwili ukivunja parasetamoli hutengeneza kiasi kidogo cha kemikali kali, nayo hunaswa na glutathioni bila wewe kujua. Dozi ikizidi, glutathioni inakwisha, na kemikali ile inageukia seli za ini, mara nyingine na za figo. Miaka ya 1970 madaktari wa Edinburgh, Uskoti, akiwemo Laurie Prescott, walionyesha kwamba NAC ya mshipani inarudisha akiba hiyo kwa wakati. Ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, ini huokoka kwa karibu kila mgonjwa. Baada ya hapo faida inapungua saa kwa saa.

Hapa ushauri wangu ni mkali kidogo. Mtu mzima asivuke gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aliyekonda, anayekunywa pombe sana au mwenye ini bovu aambiwe na daktari kiwango cha chini ya hapo. Watu wengi huvuka bila kujua, kwa sababu parasetamoli imo pia ndani ya dawa za mafua na ndani ya vidonge vya maumivu vilivyochanganywa na diklofenaki. Mama anayempa mtoto dawa ya maji atumie kipimio kilichokuja na chupa, na dozi ifuate kilo za mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa mara moja. Kijiko cha chai cha jikoni hudanganya. Na mtu akimeza nyingi kwa mkupuo, hata kama anacheka na kusema hajambo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Siku ya kwanza huwa kimya. Ini huanza kulalamika siku ya pili au ya tatu, muda mzuri wa dawa umekwisha pita. Usimtibu nyumbani kwa NAC ya kopo, kwani dozi ya sumu hupigiwa hesabu kwa uzito na hutundikwa kwa saa nyingi. Na kama alimeza kwa makusudi, maswali ya kwa nini na lawama za familia zisubiri. Mwekeni katikati, mpelekeni, mmoja abaki naye.

Kuna kosa jingine ninaloliona katika maelezo ya wauzaji: kwamba chochote chenye thioli ni rafiki wa figo. Kaptopili, dawa ya presha inayofahamika katika hospitali zetu, ni thioli. Ilibuniwa Marekani miaka ya 1970 kutokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil. Zamani ilipotolewa kwa dozi kubwa, baadhi ya wagonjwa walianza kuvuja protini kwenye mkojo, na kundi la salfa ndilo lililoshukiwa. Penisilamini, thioli inayotibu ugonjwa wa madini ya shaba kujaa mwilini, huweza kuharibu vichujio vya figo kiasi cha kuvimbisha miguu. Kaptopili ya leo hutolewa kwa dozi ndogo na inawafaa wengi, usiiache kwa kusoma makala. Ninachosema ni kwamba salfa ile ile hulinda mahali pamoja na kudhuru pengine, na kinachoamua ni dozi, muda na mgonjwa mwenyewe.

Sasa nigeuze upande. Badala ya kununua thioli, tuache kuzipoteza tulizonazo. Na hapa Afrika Mashariki mwizi mkubwa wa thioli anauzwa hadharani kwa jina la mkorogo.

Mwizi huyo ni zebaki. Hupenda salfa kuliko karibu kitu kingine chochote mwilini. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania thioli za protini, na seli za vijifereji vya figo ndiko inakojikusanya. Krimu nyingi za kujichubua zimewahi kutengenezwa kwa chumvi za zebaki, kwa kuwa zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi. Ushahidi wa awali wa madhara yake kwa figo ulitoka hapa hapa kwetu, Nairobi. Mwaka 1972 madaktari walichapisha uchunguzi wa watu wazima waliokuja wamevimba mwili kwa kuvuja protini, na wakakuta zaidi ya nusu yao walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita, na krimu hizo bado zimo kwenye mabegi ya wanaozunguka na biashara. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka ukomo wa sehemu 1 kwa milioni katika vipodozi, kisha mwaka 2023 nchi wanachama zikaamua kuondoa kabisa kipodozi chochote kilichoongezwa zebaki. Maamuzi hayo hayafiki kwenye meza ya mtaani kama mnunuzi hajui la kutazama.

Basi tazama hivi. Krimu isiyo na orodha ya viambato, iache. Yenye maneno kama calomel, mercurio, mercurous chloride au ammoniated mercury, iache. Inayokuonya usiiguse na pete ya dhahabu au ya fedha ukiwa umejipaka, iache upesi zaidi, maana zebaki hushikana na madini hayo na mtengenezaji anajua. Kinachopimwa kwa kijiko kutoka ndoo ya saluni, dada yangu, hakuna anayeweza kukuambia kina nini. Kama umeshatumia kwa miezi, acha leo, kisha nenda ukapimwe mkojo kwa ajili ya protini, na mwambie daktari ukweli wa ulichopaka hata kama unaona haya. Protini hiyo hupungua kwa wengi wanaoacha mapema. Mwenye mtoto anyonyaye akumbuke kwamba krimu inahamia kwake kwa mikono, kwa shuka na kwa kumkumbatia.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na Migori wanakutana na zebaki hiyo kwa mlango mwingine, mvuke wa kuchoma mchanganyiko wa dhahabu. Mvuke huumiza zaidi ubongo na mapafu, na figo hazibaki salama. Kama kazi ni hiyo, angalau usichome ndani ya nyumba wala kwenye sufuria itakayopikiwa, wake na watoto wakae mbali, nguo za kazi zisilaliwe.

Aliyekwisha kuathirika sana hutibiwa kwa thioli, na hapo thioli hustahili heshima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanasayansi wa Oxford walibuni dimakaprolo kupambana na gesi ya sumu yenye aseniki, na baadaye zikaja nyingine za kumeza zinazobeba zebaki na risasi kwenda kwenye mkojo. Ni dawa za hospitali, zenye madhara yake, na kopo la NAC haliwezi kushika nafasi yake.

Wengine siku hizi wanajitibu rangi kwa dripu za glutathioni, wakiambiwa ni salama kwa kuwa mwili wenyewe unaitengeneza. Mamlaka ya chakula na dawa ya Ufilipino, nchi ambako desturi hiyo imeenea sana, imewaonya wananchi wake kuhusu sindano hizo, ikitaja madhara kwa ini, figo na mishipa ya fahamu. Kitu kuwepo mwilini si kibali cha kukimiminia kwenye mshipa. Chumvi nayo imo mwilini.

Nimekaa sana kwenye zebaki kwa sababu naiona. Lakini ukihesabu nani hasa hupoteza figo ghafla katika nchi zetu, foleni inaongozwa na malaria kali, kuhara, uambukizo kwenye damu, na mama wajawazito waliotokwa damu au kupata kifafa cha mimba. Makadirio ya wataalamu wa figo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema watu milioni 13.3 huumia figo kwa ghafla kila mwaka duniani, milioni 1.7 hufa, na wengi mno wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi ni vijana wasio na ugonjwa mwingine wowote. Figo zao zingepona.

Kwa malaria, thioli zilijaribiwa pia. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 108 wa malaria kali nchini Thailand na Bangladesh. Nusu walipewa NAC juu ya artesuneti, na haikuwasaidia. Maabara nayo ilikuwa imeshaonyesha mwaka 2007 kwamba NAC inaweza kupunguza makali ya artesuneti dhidi ya vimelea, jambo linaloeleweka, kwa kuwa artesuneti huua vimelea kwa oksijeni kali ile ile ambayo NAC huituliza. Kwa hiyo mwenye malaria asichanganye dawa ya mseto na vidonge vya "kutoa sumu". Apimwe, atibiwe siku hiyo hiyo, amalize dozi. Mkojo ukigeuka mweusi kama chai ya rangi, au mtoto akiwa na homa na hajakojoa, hiyo ni safari ya hospitali yenye maabara na wodi. Watafiti waliofuatilia watoto waliolazwa kwa malaria kali Hospitali ya Mulago, Kampala, waliripoti mwaka 2019 kwamba wale ambao figo ziliumia walikuwa na hatari zaidi ya kubaki na ugonjwa sugu wa figo na kupungukiwa uwezo wa kufikiri. Mtoto aliyeruhusiwa wodini huenda bado anahitaji kufuatiliwa.

Kwa kuhara na kutapika, anza ORS siku ya kwanza, usisubiri macho yaingie ndani. Soma pakiti: nyingine ni ya lita moja, nyingine ya nusu. Ukiikosa, lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa kwa kisu. Sukari pungufu haisaidii utumbo kuvuta maji, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Anayetapika apewe kidogo kidogo kwa kijiko, kila dakika moja au mbili. Asiyeweza kabisa kuhifadhi maji anahitaji dripu.

Na katika siku hizo hizo za kuhara au homa, kaa mbali na diklofenaki na ibuprofeni. Hili ningependa liandikwe kwenye mlango wa kila duka la dawa. Figo zikipungukiwa damu, hupanua mshipa unaoziletea damu kwa msaada wa kemikali iitwayo prostaglandini. Dawa hizo za maumivu huzuia kemikali hiyo, mshipa ukabana wakati figo zinaomba. Mzee anayetumia vidonge vya presha kama enalapili au losatani pamoja na kidonge cha kukojoza, kisha akaongezewa diklofenaki kwa maumivu ya mgongo huku anaharisha, amekusanya hatari zote mahali pamoja. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari wake mapema, akiwa mzima: nikiharisha, dawa gani nisimamishe kwa siku chache, na nianze tena lini? Asiamue peke yake, asiache moja kwa moja. Sindano za gentamisini nazo hukusanyika kwenye figo. Mtu asidungwe mfululizo bila sababu inayojulikana na bila kreatinini kuangaliwa.

Dawa za miti sizitaji kwa dharau, bibi zetu wametulea nazo. Ila Afrika Kusini kuna mzizi uitwao impila, ambao madaktari wa KwaZulu-Natal wameueleza kwa miaka mingi kuwa unaua seli za ini na figo. Katika maabara ulionekana kumaliza glutathioni kabla ya kuua seli. Ukienda hospitali ukiwa umekunywa kitu, chukua kipande cha mti au chupa yake. Vivyo hivyo kwa dawa ya kikohozi ya mtoto aliyeacha kukojoa. Gambia, mwaka 2022, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo baada ya kunyweshwa dawa za maji zilizochanganyika na diethilini glikoli, kemikali ya viwandani. Chupa iliyohifadhiwa ndiyo iliyosema.

Utajuaje figo zinaanza kufeli? Maumivu ya kiuno ni mwongozo mbaya, mara nyingi ni misuli. Tazama mkojo. Wataalamu huhesabu ni dalili mtu akitoa chini ya nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa muda wa saa 6. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 180, kama theluthi ya chupa ya maji ya nusu lita. Muuguze mgonjwa ukiwa na chupa tupu na kalamu: andika saa na kiasi. Mtoto mchanga ambaye nepi imekaa kavu kwa saa 6 asisubiri asubuhi. Uso kuvimba, kuchoka kupita kiasi, kichefuchefu, kupumua kwa shida ni dalili za baadaye. Hospitali, omba kreatinini na potasiamu, na omba namba yenyewe. Kreatinini ikipanda kwa mikromoli 26 kwa lita ndani ya siku mbili, au mara moja na nusu ndani ya wiki, figo zimeumia, hata kama maabara bado haijaandika kwamba iko juu. Ndiyo sababu karatasi ya kipimo cha mwaka jana ina thamani. Itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Limebaki jambo linaloua kuliko kukosa dawa: kuikataa mashine. Familia nyingi zinaamini kwamba ukianza kusafishwa damu hutoki tena, zikamrudisha mgonjwa nyumbani. Kwa figo zilizochakaa kwa miaka ya kisukari au presha, kusafishwa damu kwa kawaida huwa kwa kudumu, isipokuwa apandikizwe figo. Kwa figo zilizoumia wiki hii kwa malaria au kutokwa damu, mashine huwa ya muda. Vijifereji huota seli mpya ndani ya siku au wiki kadhaa, na mgonjwa akarudi shambani. Pale ambapo mashine haipo, damu inaweza kusafishwa kwa maji maalumu yanayoingizwa tumboni kwa mpira, njia ambayo hospitali ya KCMC, Moshi, imeitumia kuokoa watoto na watu wazima. Muulize daktari swali moja kabla ya kusema hapana: figo hizi zilikuwa nzima mwezi uliopita?

Mkojo unaporudi huweza kuja mwingi kupita kiasi kwa siku kadhaa, na mgonjwa akakauka tena akiwa wodini, kwa hiyo kuandika saa na kiasi kuendelee. Baada ya miezi 3 arudi apimwe kreatinini, protini kwenye mkojo na presha. Kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, mwombe daktari aandike kwa kalamu nzito kwamba figo zake ziliwahi kuumia, mwaka gani, kwa sababu gani, na ni dawa zipi za maumivu asipewe.